Mia Moja Kamili

Koti alilovaa lilikuwa limeota ukungu mabegani, kijani kibichi, na hakujali. Katika mji ule uliobanwa na msitu pande zote, kitu kikikaa siku tatu bila kuguswa huota: mikanda, vitabu, hata mbao za kitanda. Mvua ilinyesha kila alasiri, na isiponyesha watu waliingoja huku mashati yamewaganda migongoni. Watu wa namna hiyo unawafundisha nini kuhusu mvua? Ndicho kilichomchemsha roho mpima mvua tangu alipoingia katika ukumbi wa manispaa na kukaa mstari wa mbele, mikono kaifumbata kifuani.

Wiki tatu zilizopita mtaro wa bondeni ulishindwa na maji, yakaingia majumbani jioni watu wanapika. Ukuta wa nyumba ya kaka yake, seremala, ulimwangukia wifi yake, na mpaka leo wifi alikuwa hospitali, mguu umetiwa vyuma. Sasa manispaa ilitaka wakazi wa bondeni wahame kwa sababu, eti, wameuziba mtaro kwa taka zao. Wakihamishwa kwa kosa lao wenyewe, hawapewi hata kiwanja. Kaka mtu hakuwa na pengine pa kwenda. Karakana yake ilikuwa pale pale, ubavuni mwa nyumba.

Mhandisi wa mitaro alisimama na jalada lake. Alieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba mtaro ule ulijengwa kumeza milimita mia moja na ishirini za mvua kwa siku, na kwamba kwa miaka ishirini na miwili haijapatikana hata siku moja iliyovuka mia. Hata siku ya mafuriko yenyewe: mia moja kamili. Basi kama mtaro ulishindwa, waliouziba wanajijua.

Mpima mvua alicheka kwa dharau. Huyu anatuona majuha? Yeye alikuwa kituoni jioni ile, bati linapigwa mpaka redio haisikiki. Alitaka kusimama amuumbue mbele ya watu, amuulize hizo mia zake kaziokota wapi.

Mhandisi akaligeuza jalada kuelekea ukumbini. Mwandiko ulikuwa wa kwake mpima mvua.

Hasira haikumtoka, ilikosa tu pa kwenda. Chupa ya ndani ya kipimamvua hujaa ikifika mia. Mvua ikizidi, maji humwagikia kwenye kopo la nje, na mpimaji hutakiwa kuyachota, ayapime, ajumlishe. Lakini mzee aliyemfundisha kazi, mtu mwema aliyemchukulia kama binti yake, alimwonyesha njia ya mkato tangu siku ya kwanza: ikijaa andika mia, mwaga, rudi ndani usije ukaugua kifua. Naye akaishika. Miaka kumi na minne alimwaga kopo la nje kwenye majani nyuma ya kituo bila hata kulitupia jicho. Alimlaani mzee yule kimoyomoyo, kisha akaona haya, maana mzee hakuwa amemshika mkono kumlazimisha.

"Saini hii ni yako?" mwenyekiti wa kikao alimuuliza.

"Ni yangu."

"Na hii ndiyo mvua ya siku ile?"

Neno moja tu la ndiyo, na kibarua chake kingekuwa salama. Aligeuka akamwona kaka yake safu ya tatu, unga wa mbao umemkaa kwenye nyusi.

"Hiyo ni mia ya chupa," alisema kwa ghadhabu. "Chupa inaishia hapo. Iliyozidi niliimwaga bila kuipima. Hiyo, na kila mia kamili niliyoandika humo. Zihesabuni."

Mhandisi alianza kupekua. Kidole kilishuka, kikasimama, kikashuka, kikasimama tena. Alipofika ukurasa wa nne aliketi. Watu wa bondeni walianza kunong'onezana, kisha kaka yake akainuka.

Hakumwita mdogo wangu, kama alivyomwita tangu utotoni.

"Kopo la nje siku ile lilikuwa na maji kiasi gani?"

"Sijui, kaka."

"Ulilibeba wewe."

"Nililibeba kwa mikono miwili."

Seremala hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akimtazama karani wa kikao, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama kitambo.

"Sema tena," alisema. "Tangu mwanzo. Aandike."

Mpima mvua akaanza upya kuanzia kwenye chupa, polepole, akisubiri kila neno liandikwe ndipo atoe jingine.