Kiwiko cha Titus Mwirigi

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi mwezi wa pili, na Titus Mwirigi hakumwambia mtu. Ghalani Edmonton, kaskazini mwa London, alikokuwa akipanga maboksi, aliegemeza mizigo kifuani. Nyumbani, dada yake Dinah alimwona akigeuza chapati kwa mkono wa kushoto, akamuuliza kulikoni. Titus akasema ameulalia mkono vibaya.

Mkono ule ndio uliomtoa Meru. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alileta shuleni mipira migumu na glavu, akawafundisha besiboli, na haikupita wiki akagundua kwamba Titus akirusha, mdakaji anabaki akipuliza kiganja. Kutoka hapo alipata chuo Marekani, kisha timu ya kulipwa ya daraja la chini, miaka sita ya mabasi na moteli, akingoja kupandishwa ligi kuu. Hakupandishwa. Kiwiko kikachanika, wakampasua, wakamshona, akarudi uwanjani. Msimu mmoja baadaye wakamwacha. Alicheza Italia miaka miwili mpaka timu yenyewe ikavunjika. Ndipo akaja kwa Dinah, akiwa na miaka thelathini na nne na begi moja la viatu vya njumu.

Mwezi wa nne ikaja barua pepe. Klabu moja ya Uholanzi ilikuwa imepoteza mrushaji wake kwa jeraha, na mtu wao angepita London Jumamosi. Alitaka kumwona Titus akirusha, na alitaka barua ya mtaalamu inayosema mkono ni mzima. Titus aliisoma mara nne akiwa amesimama katikati ya maboksi, akaomba ruhusa, akaenda chooni kulia.

Alhamisi alikwenda Thornton Heath, kusini mwa jiji, kwa Alka, mama aliyezaliwa Kisumu na ambaye sasa alikuwa na kliniki yake ya tiba ya viungo juu ya duka la vitambaa. Mwanawe, Hemal, ndiye aliyewakutanisha. Hemal alikuwa daktari wa meno, na siku za mapumziko alidakia timu ya ridhaa ambayo Titus aliifundisha.

Alka alikikunja kiwiko, akakikunjua, akazitazama picha za ndani ya kiwiko alizokuwa amemtuma akapigwe hospitalini.

"Kano imebaki nyuzinyuzi," alisema. "Na neva imebanwa. Ndiyo maana vidole havina habari."

"Mimi nataka barua tu, mama."

"Ya kusema nini?"

"Kwamba nafaa kucheza."

"Hufai."

Titus akateremka kitandani akapiga magoti kwenye zulia, mtu mzima wa futi sita na nusu.

"Inuka, Titus. Usinifanyie hivyo."

"Mama, niulize kazi nyingine ninayoijua. Niulize. Hakuna! Tangu nina miaka kumi na mitano nimefanya jambo moja tu. Nipe msimu mmoja, kisha mkono ukatike, sitalalamika."

"Wewe hutalalamika. Na aliye mbele yako? Mpira usiousikia vidoleni hujui utakwenda wapi." Akazirudisha picha ndani ya bahasha. "Siandiki."

Alishuka ngazi akiwa hasikii kelele za barabara. Kabla hajafika stesheni simu ikalia. Hemal.

Hemal alikielewa Kiswahili chote, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku. Akauliza kama Jumamosi bado ipo, na mama amesemaje.

"Amesema niko sawa," Titus alijibu. "Barua ataiandika Jumatatu."

Uongo ule ulitoka mwepesi, na yeye mwenyewe alishangaa ulivyokuwa mwepesi.

Jumamosi walikutana kwenye uwanja wa bustani ya umma, kaskazini mwa jiji, manyunyu yakianguka. Mholanzi, mzee mpole mwenye koti la mvua, alisimama nyuma ya wavu na kifaa cha kupimia mwendo. Hemal alichuchumaa nyuma ya bamba la kupigia, barakoa usoni, glavu mkono wa kushoto, mkono wa kulia mtupu kando ya goti.

Mipira ya kwanza ilikwenda kama zamani. Maili themanini na nane kwa saa. Tisini. Mholanzi akaanza kuandika. Titus alihisi moto ukipanda kutoka kiwikoni hadi kwapani, akaendelea. Ule wa kumi na saba aliushika bila kuusikia kabisa. Ilibidi autazame kuhakikisha umo mkononi. Angeweza kusema basi. Akainua mguu, akarusha.

Hemal alikuwa ameinyoosha glavu upande wake wa kushoto. Mpira ukaja kulia, chini, moja kwa moja kwenye mkono mtupu. Sauti yake ilikuwa kama ya kijiti kikavu kikivunjika. Hemal akaanguka kifudifudi, mkono ameukumbatia tumboni, na kelele aliyoitoa iliwafanya watu waliokuwa wakitembeza mbwa wasimame.

Titus alikimbia. Lakini Mholanzi alimwahi njiani, akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ule ulikuwa tisini na mbili, kwamba ajali hutokea, alete barua Jumatatu na nafasi ni yake. Na Titus, rafiki yake akigaagaa kwenye majani hatua kumi mbele, alifurahi. Ilikuwa furaha ya kufumba na kufumbua, lakini aliijua ni furaha.

Hospitalini, Alka aliwakuta wodini. Dole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimevunjika, wangetia pini. Hemal, macho mazito kwa dawa, alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba angalau amwandikie Titus barua yake, maana yule mzee ameridhika, na yeye mama alishasema mkono ni mzima.

Alka akageuka polepole.

"Hakusema," Titus alitamka. "Mama alikataa. Nilikudanganya, Hemal."

Hemal akautazama mkono wake, ule wa kushikia vifaa vya kazi, umefungwa hadi kifundoni. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Ulijua?"

"Nilijua vidole havisikii."

"Toka."

Titus akatoka. Kwenye korido alimpigia Mholanzi akamweleza yote, hata kuhusu picha za kiwiko. Yule mzee akauliza kama anamfahamu mrushaji mwingine. Titus akasema hamfahamu.

Alka alimkuta bado ameegemea ukuta. "Jumatatu uje nikitibu hicho kiwiko," alisema. "Leo nenda. Siwezi kukutazama."

Anakwenda kila Jumatatu. Alka humkunja na kumkunjua mkono, humwambia vuta, humwambia achia, basi. Hemal alirudi kazini mwezi wa tisa, kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Titus alizisikia habari hizo kwa mtu mwingine. Amemwandikia Hemal ujumbe mara kumi na moja, na hajajibiwa hata mmoja.