Sikio la Simba Nyuma ya Bweni

Jumamosi saa tisa alasiri, mtunza bustani alifika nyuma ya bweni la wasichana na panga begani, tayari kutekeleza hukumu. Mhukumiwa alikuwa kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa. Kosa lake: kuota bila idhini ya matroni, aliyekuja kushuhudia.

Msichana ambaye bweni zima lilimwita Wakili alisimama kukikinga. Ndani ya kichaka kile kulikuwa na uwazi wa kutosha watu watatu, na humo ndimo yeye na wenzake wawili walimojificha kila alfajiri wakati shule nzima ikikimbia kuzunguka uwanja. Kikikatwa, naye atakimbia.

"Matroni, hili si gugu," alisema kwa sauti ya msibani. "Ni mmea wetu wa asili. Wataalamu wanauita Leonotis. Maana yake sikio la simba."

"Sikio la nani?"

"La simba, Matroni."

Matroni alicheka hadi miwani ikamteleza puani. "Mwanangu, muhula uliopita uliwaambia kidato cha kwanza kwamba kengele ya chakula inapigwa na jini wa zamu. Wawili wakagoma kula. Leo umeniletea simba?" Akamgeukia mtunza bustani. "Kata, baba!"

"Haki ya Mungu, Matroni!"

"Hata jini ulimwapia hivyohivyo."

Uongo wote wa Wakili ulikuwa umepita bila kuulizwa swali. Ukweli wake wa kwanza ndio huo unafia hadharani. Akachomoka kama mshale hadi ofisi ya walimu, akarudi akimburura mwalimu wa biolojia, kalamu nyekundu bado mkononi.

"Ni kweli," mwalimu alisema akihema. "Kwa Kigiriki. Tazama petali hii, ina manyoya kama sikio la simba."

Matroni akainama, akaigusa. Manyoya yapo. Akainama zaidi, akaingiza mkono kichakani, akatoa mkeka, mto na maganda ya karanga.

"Simba huyu ana maisha mazuri," alisema.

Mwalimu akakumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha.

"Kichaka kibaki," matroni alimwambia mtunza bustani. "Nawe, Wakili, utakimwagilia ndoo mbili kila alfajiri."

Wakili akapata matumaini. "Wakati wa mbio, Matroni?"

"Kabla ya mbio, mwanangu. Na ulivyokimbia kumfuata mwalimu nimekuona. Mashindano ya mbio ya mwezi ujao, jina lako naenda kuliandika sasa hivi."