Gari la Mfamasia

Watu wa mtaa walimwita Fundi, naye hakuwahi kudai jina lingine. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na cherehani ya kumshinda ilikuwa bado haijatoka kiwandani. Kilichomsumbua ni mgongo. Wateja wake wakubwa walikuwa na mashine nzito zisizohamishika, hivyo kila akiitwa alijitwika sanduku la vifaa begani kama mchukuzi. Ndiyo maana siku alipoona kibao ukutani kwa mfamasia mstaafu, "Gari linauzwa, haliwaki," hakupita. Alikisoma mara mbili, akagonga lango.

Jumamosi alirudi na mumewe. Mumewe alikuwa karani wa shule, mtu mpole, asiyenunua hata soksi bila kulipima shauri hilo siku mbili.

Gari lenyewe lilikuwa hoi. Dogo, jeupe enzi zake, lenye buti pana. Liliegeshwa chini ya paa la bati nyuma ya nyumba, na kuku alikuwa ametaga kwenye kofia ya gurudumu iliyoanguka chini.

"Lina miaka miwili hapo," mfamasia alisema. "Niliamka siku moja nikaliwasha, likagoma. Mafundi wawili wamelitazama. Wa kwanza alisema injini imekufa. Wa pili akasema niliuze kwa kilo, kama chuma chakavu. Sitaki kukudanganya, mama."

"Umesikia?" mumewe akamnong'oneza. "Rahisi ghali, mke wangu."

Fundi alikuwa ameshafika mbele ya gari. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakizamisha tena na kukinusa. Oili ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na maji. Kisha akaomba spana kubwa, akaishika nati iliyo mbele ya injini, akaegemea kwa uzito wake wote. Mwanzo ilikataa. Mara ikaachia, ikazunguka polepole, laini, bila kukwaruza popote. Mikono yake ilishazoea kuuliza mashine swali hilo na kupata jibu.

"Injini iliyokufa hukaza," alisema akijifuta mikono. "Hii haijafa. Imenuna tu."

Kabla chai ya mfamasia haijapoa walikuwa wamekubaliana, na mayai matatu akapewa juu ya bei.

Mchana ule ule alikuja shemeji yake, mdogo wa mumewe, na pikapu anayobebea saruji. Walijaza upepo tairi zilizolala, wakafunga kamba nene kati ya magari mawili. Shemeji alitoa maelekezo kama nahodha.

"Shemeji, kamba isilegee. Nikipunguza mwendo, wewe uwe umeshapunguza. Na ujue usukani utakuwa mzito na breki ngumu, maana injini haikusaidii."

"Endesha bwana," Fundi akasema. Ujanani alikuwa dereva wa kiwanda cha nguo, na leseni yake hakuwahi kuiacha ife.

Mumewe aliingia upande wa pili, akashika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine.

"Tungeita gari la kuvutia magari," alisema.

"Maji tumeshayavulia nguo, baba watoto. Tuyaoge."

Mitaa miwili ya kwanza walikwenda salama. Fundi aliukumbatia usukani, jasho likimtiririka, huku moyoni akiona raha aliyokuwa ameisahau. Kwenye mteremko mrefu wa kwenda sokoni, mkokoteni wa maji ukakatiza mbele ya pikapu. Shemeji akafunga breki. Fundi naye akafunga, lakini kamba ikalegea, ikaingia chini ya gurudumu. Mkokoteni ulipopita, shemeji akang'oa pikapu. Kamba ikakatika, pa! Pikapu ikaenda zake, na gari la mfamasia likaanza kuteremka lenyewe nyuma yake.

"Mama yangu!" mumewe akapiga kelele.

"Shika breki ya mkono," Fundi alisema, sauti yake ile ile anayotumia akiomba bisibisi. "Usivute mpaka nikwambie."

Chini kule waliketi wauza mboga. Kabla ya kuwafikia, kushoto, kulikuwa na uwanja wa waosha magari, lango wazi. Fundi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, akavuta usukani kwa mabega, gari likapinda likilalamika, likaingia uwanjani.

"Vuta!"

Mumewe akavuta. Gari likasimama shubiri moja tu kutoka kwenye ndoo ya sabuni. Mwosha magari, kitambaa mkononi, alilizunguka akilikagua, akainama dirishani.

"Nje tu, au na ndani?"

Mumewe alimtazama, akamtazama mkewe, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Fundi hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu watoto wahame.

Shemeji alirudi baada ya robo saa, uso umemshuka. "Niliona mzigo umekuwa mwepesi," alijitetea. "Nikasema kumbe pikapu yangu ina nguvu namna hii!"

Walifika nyumbani kabla ya jua kuzama, kamba ikiwa na fundo katikati, gari likiwa limeoshwa.

Kazi ilichukua wiki tatu. Fundi alianzia betri, akafuatilia waya mmoja mmoja, na chini ya kiti cha nyuma akakuta panya walikuwa wamejenga mji. Waya wa pampu ya mafuta ulikuwa umegugunwa wote. Akaunga mpya, akasafisha tangi, akabadilisha plagi. Mumewe alikaa kando akimpokeza vifaa, na siku hizo akajua spana namba kumi na mbili kwa kuigusa tu.

Asubuhi ya Jumapili Fundi aliwasha. Gari likakohoa, likanyamaza. Akawasha tena. Likakohoa kwa muda mrefu, likatoa wingu jeusi, kisha likashika na kunguruma.

Jirani wa kike akatokea mlangoni, mikono kiunoni. Mashuka yake manne kwenye kamba ya nguo yalikuwa yamegeuka rangi ya jivu.

"Fundi! Nimefua tangu alfajiri!"

"Yalete, jirani, nitayafua mwenyewe," Fundi alimpazia sauti kutoka nyuma ya usukani. "Lakini siyo sasa hivi. Nikilizima sasa litanuna tena."

Akamwita mumewe aingie, akatia gia, wakatoka langoni.