Amplifaya ya Delvis

Eustorgio Cassiani hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Akisema mvua itanyesha, mkewe Ubaldina alianua nguo, si kwa kuwa alimwamini, ila kuanua nguo kulikuwa kazi nyepesi kuliko kubishana naye. Basi Jumatatu ile mezani, alipotamka kwamba hedifoni nzuri hazihitaji amplifaya, alijua neno limekwisha. Akamega kipande cha bollo, mkate wa muhogo wa kuchemsha, akachovya kwenye maziwa mgando, akala.

Neno halikwisha. Mwanawe Delvis, mwanamume wa miaka thelathini na moja, aliisogeza sahani yake kando.

“Zinahitaji, mzee. Hizi ni hedifoni za studio. Ukizichomeka kwenye kompyuta hivi hivi zinalia kama mbu ndani ya chupa.”

“Mimi nimezivaa jana. Zinaimba.”

“Wewe hata ukivikwa sufuria utasema inaimba.”

Ubaldina alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Eustorgio hakucheka. Alijua vizuri mkuki ule umeelekezwa wapi, na mtaa mzima wa Rebolo ulijua pia, maana ugomvi wa hedifoni haukuwa wa hedifoni.

Ulikuwa ugomvi wa kiti. Eustorgio alikuwa na picó, na hapa Barranquilla picó si redio ya mezani. Ni ukuta wa spika mrefu kupita mlango, umepakwa rangi za kuumiza macho, unapakiwa kwenye lori na kupelekwa palipo na dansi. Yake iliitwa El Avispero, kiota cha nyigu, na nyigu wenyewe walichorwa usoni pake, kila mmoja mkubwa kama kuku. Anayeketi nyuma ya ukuta ule na kuchagua santuri ndiye mwenye siku. Wanawake humpelekea bia, wanaume humwamkia kwanza. Kiti hicho Eustorgio alikikalia tangu Delvis hajazaliwa.

Delvis kazi yake ilikuwa mbele. Mtu aliyekaa nyuma ya spika hazisikii sawasawa, kwa hiyo lazima awepo wa kusimama mbele ya spika, uso kwa uso na besi, amsikilizie na kumpa ishara za mikono: ongeza hapa, kata pale. Delvis alianza kusimama hapo akiwa mvulana wa shule, na kwa kazi hiyo hakuna wa kumfikia. Lakini amechoka kusimama. Jumapili ijayo walikuwa na pambano na El Yunque, picó ya watu wa Soledad, na alitaka Jumapili hiyo aketi yeye.

“Mzee wangu masikio yamekwisha,” aliwaambia vijana wa kona, na vijana wa kona hawana kazi nyingine ila kusambaza. “Mtu asiyesikia kwamba hedifoni zile ni dhaifu, santuri atachaguaje?”

Maneno yalimfikia Eustorgio kinyozini, na yalimuuma. Hakuwa na shaka na masikio yake hata chembe. Lakini picotero, mwenye picó, anayesemwa kuwa kiziwi ni kama mpishi anayesemwa hanawi mikono. Ukweli hauna haraka, na dansi ni Jumapili.

“Sikio halizidi kichwa,” alimwambia Delvis jioni ile. “Kiti utakipata nikifa.”

“Na sikio la kufa halisikii dawa, mzee. Nitaileta hiyo amplifaya uione.”

Akaileta kweli siku ya pili, ameazima kwa rafiki yake muuza vyombo vya muziki: kisanduku cheusi cha kukaa mezani, kizito, na mbele kina kifundo kimoja kinono cha kuongeza sauti. Akakiweka barazani, akaita majirani. Kila aliyezivaa hedifoni alisikilizishwa wimbo kwanza kutoka kwenye kompyuta, kisha kupitia kisanduku. Na kila mmoja, kisanduku kilipowashwa, alifumbua macho na kutikisa kichwa. Inapiga. Ina kifua. Ubaldina naye, msaliti, alisema hii ya pili ndiyo muziki.

“Ina sauti kubwa zaidi,” Eustorgio alisema. “Basi.”

“Si ndiyo maana yake?” Delvis akajibu.

Hapo majirani wote walikuwa upande wa Delvis, na mimi siwalaumu. Sisi watu wa picó tumelelewa hivyo. Picó mbili zikisimamishwa zitazamane barabarani, inayoizidi nyingine kwa kishindo ndiyo bora, na hakuna anayeuliza nyingine ilikuwa inacheza nini. Kosa hilo tumelinyonya kwa mama, na wengi tutazikwa nalo.

Ubaldina ndiye aliyechoka kwanza. Nyumba ilikuwa haina usingizi wa mchana tena, kila saa ni amplifaya, amplifaya. “Mwiteni Hermides,” aliamuru. “Atakalosema, liwe. Kisanduku kikishinda, Delvis anakaa Jumapili. Kikishindwa, sitaki kusikia tena mtu akitaja masikio ya baba yake humu ndani wala pale konani.”

Wakapeana mikono. Eustorgio alitabasamu kama mtu aliyekwisha kula.

Hermides ndiye fundi aliyeijenga El Avispero waya kwa waya, na ndiye baba wa ubatizo wa Delvis, kwa hiyo ni compadre wa Eustorgio. Alikuja Jumamosi baada ya chakula, na mita yake ya umeme mfukoni. Akaomba kitambaa cha meza.

“Cha nini, compadre?” Eustorgio akauliza.

“Wewe santuri zako nzuri unazifanyaje?”

Eustorgio akaelewa, akacheka. Santuri yake yoyote ya maana ilikuwa imekwanguliwa karatasi ya katikati, isibaki herufi, ili mpinzani asijue jina la wimbo akaenda kuutafuta. Anayetaka kuijua lazima aijue kwa masikio. Hermides akafunika kompyuta na kisanduku chini ya kitambaa cha maua, zikabaki hedifoni tu juu ya meza, na waya unaopotelea gizani.

“Sasa kimya. Sikio la mtu ni rahisi kuhongwa. Ukiliongezea sauti kidogo tu, litakuapia kwamba imekuwa tamu. Kwa hiyo kwanza nazilinganisha.”

Akacheza mlio mmoja usiopanda wala kushuka, akagusisha mita kwenye waya, akasogeza kifundo, akagusisha tena, mpaka kompyuta na kisanduku vikatoa nguvu ileile. Ndipo akaweka wimbo, wa zamani, wenye gitaa moja jembamba linalotembea nyuma ya ngoma. Akawa anabadilisha chini ya kitambaa, na kuuliza: hii ni ipi?

Ubaldina alisema hajui, akaona aibu, maana siku ile alikuwa ameapa. Hermides mwenyewe, alipobadilishiwa na Ubaldina, alisema hajui, wala hakuona aibu. Eustorgio alisema, “Ni kitu kimoja, na nilisema tangu Jumatatu.” Delvis alizivaa hedifoni, akafumba macho, akataja kwa uhakika. Akakosea. Akataja tena, akapatia. Akakosea mara mbili mfululizo, akazivua.

“Haya, yamekwisha,” Eustorgio alisema, akajilaza kwenye kiti chake cha bembea. “Ubaldina, hakuna bia nyumba hii? Kuna mtu amezikwa hapa, lazima tumlilie.”

“Ngoja, mzee.” Delvis alikuwa amekunja uso. “Sawa, zikilinganishwa zinalingana. Lakini baba wa ubatizo amezilinganisha chini mno. Kwa kiasi hicho hata gitaa halisikiki.”

Hermides alikuwa anakunja waya wa mita. Akasimama.

“Gitaa husikii?”

“Nani analisikia?”

“Mimi nalisikia,” Ubaldina alisema.

Eustorgio aliona ni visingizio vya mshindwa, akaendelea kubembea. Hermides hakubembea. Alikaa kitako, akasema polepole kwamba kwa kweli hilo ndilo swali lenyewe. Amplifaya haiongezi utamu. Kazi yake ni kusukuma pale kompyuta inapoishiwa nguvu. Kwa hiyo tusiulize ipi tamu, tuulize kila mtu anahitaji sauti kiasi gani, na kama kompyuta inafika hapo. Akafungua wimbo uleule kupitia kisanduku, kitambaa juu, akamwambia kila mmoja aingize mkono chini yake na kusogeza kifundo mpaka aridhike, asitazame.

Ubaldina alikisogeza kidogo. Hermides akapima, akakirudisha mwanzo, akajaribu mwenyewe, akaishia karibu palepale. Eustorgio akapita wote wawili kwa unywele, Hermides akasema ni uzee, na Eustorgio akasema uzee ni wa kwako. Kompyuta peke yake ingewatosha wote watatu na kubakiza.

Delvis akaingiza mkono. Akasogeza. Akasikiliza, akasogeza tena, kichwa kimeinama upande. Aliposema “hapa, hapa pazuri,” Hermides alipima, akatazama mita, akapima mara ya pili. Hakutaja namba.

“Nipe nizione mimi,” Eustorgio alisema, akainuka kwenda kumcheka mwanawe vizuri. Akachukua hedifoni kichwani kwa Delvis bila kugusa kifundo, akazivaa.

Alizing’oa kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Hedifoni zikaanguka sakafuni, na pale sakafuni wote waliusikia wimbo, kila neno, gitaa na yote.

Wote isipokuwa mmoja. Delvis aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta mzaha uko wapi.

“Mna nini?”

“Hapo ndipo unapopaita pazuri?” Eustorgio aliuliza.

“Unasema nini?”

Eustorgio alikuwa ameshinda mbele ya mkewe na compadre wake, kama alivyojua atashinda, na ushindi ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana alijua, bila kuambiwa na mita, masikio yale yalikwenda wapi. Nyuma ya spika ndiko kuliko na utulivu kuliko mahali pote penye dansi. Yeye alikaa huko ujana wake wote, akipelekewa bia, na mbele akamweka mtoto. Akamsifu kwa watu: mnamwona yule, hata hapepesi macho besi ikipiga. Masikio yake mwenyewe yalikuwa mazima kwa sababu alitumia ya Delvis.

Alitaka kulia, akaona haya, akaokota hedifoni.

“Niambieni basi,” Delvis alisema.

Hermides ndiye aliyemwambia, karibu, kwa sauti ya kusikika, mkono begani. Delvis alibisha. Mita ni mbovu. Wakarudia, ikatoa vilevile. Akakaa kwenye ngazi za baraza, akatazama barabara.

“Nilidhani watu siku hizi wananong’ona tu,” alisema baadaye. “Mke wangu nilimwambia ananong’ona.”

Ubaldina alikwenda kukaa kando yake. Eustorgio alibaki amesimama, hedifoni mkononi.

“Kesho unakaa wewe,” alisema.

Delvis aligeuka. “Umeshinda, mzee.”

“Nimesema unakaa wewe. Nyuma. Na Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa masikio, mimi na wewe, na usiniletee maneno. Kisanduku mrudishie mwenyewe.”

Jumapili saa tisa, jua kali, El Avispero na El Yunque zilisimama zikitazamana, na barabara katikati ilijaa watu mpaka juu ya mapaa. Delvis alikaa kitini na shati jipya. Vijana wa kona walipiga makofi. Waliamini maneno yao ndiyo yaliyomweka pale. Eustorgio alikwenda mbele, mahali pa mwanawe, kifua wazi, bila pamba masikioni, makusudi.

El Yunque ikaanza, Delvis akajibu. Alichagua vizuri. Eustorgio alitaka kujivunia, lakini besi ilimpiga tumboni, ikapanda kwenye meno, na sekunde hiyo hapakuwa na wimbo tena, palikuwa na kipigo tu. Alivumilia wimbo mmoja. Karibu naye binti wa jirani alikuwa amekumbatia spika, shavu limebanwa kwenye kitambaa chake, anacheka. Eustorgio alimshika bega, akamtoa pale, na binti akamtukana.

Halafu akazunguka nyuma, akainamia sikio la Delvis.

“Punguza.”

Delvis alimtazama kana kwamba ameambiwa auchome moto ukuta ule wa spika. Katikati ya pambano hakuna picó iliyowahi kupunguza sauti.

“Watasema tumeshindwa, mzee.”

“Tumeshindwa siku nyingi, mwanangu. Punguza.”

Delvis aliweka mkono kwenye kifundo, akakirudisha nyuma, taratibu. Upande wa pili watu wa Soledad walianza kuzomea, na baba yake akasimama palepale kando ya kiti, akiwaangalia, mpaka wimbo ukaisha.