Pindo la Ndani la Kanzu ya Hirsi

Mahadi, fundi cherehani wa Garsen, alikuwa kijana wa Kipini mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kuiacha nguo uchi kwa ndani. Mafundi wengine walikata, wakapiga mshono, wakakukabidhi nguo yako na nyuzi zikining'inia kama ndevu za beberu. Yeye kila ukingo aliuvisha mkanda mwembamba wa kitambaa, mahali ambapo hata mvaaji asingepaona. Mikanda hiyo aliikata kwenye mabaki ya nguo za wateja, maana kwa desturi mabaki ni ya fundi, na fundi haulizwi.

Mwaka wa hamsini na sita, Idd ikikaribia, aliulizwa.

Aliyeuliza ni Hirsi, mwenye duka ambalo Mahadi aliweka cherehani barazani pake. Alikuja na kanzu yake mpya kwapani, uso umemwiva.

"Fundi, we nataka kuniua? Kinsi ameosha kanzu, amegeuza ndani nje. Ndani ya pindo iko nguo ya Muslima! Ile maua nyekundu, imezunguka yote!"

Kinsi alikuwa mke mkubwa wa Hirsi, Muslima mke mdogo. Wakati wa kushona, fundi alikuwa ameona maua tu, mke hakumwona.

"Kinsi anasema mimi navaa mke mdogo siri-siri, natembea naye mpaka msikitini. Chakula hakuna! Ijumaa kama nyumba yangu haina amani, beba cherehani yako, toka baraza yangu."

Garsen nzima hapakuwa na baraza jingine lenye kivuli na wateja. Bila lile, Mahadi angerudi Kipini kumparulia mjomba wake samaki, na samaki hana mshono. Hofu ikamshika kwelikweli.

Akafumua nusu ya mkanda, akatia mabaki ya gauni la Kinsi, la samawati yenye mistari. Nusu kwa nusu, uadilifu mtupu. Kanzu ikarudi: Kinsi yuko mbele, Muslima nyuma, na Muslima analia. Mahadi akawahamisha, Kinsi kulia, Muslima kushoto. Ikarudi tena, kwa kuwa moyo uko kushoto.

"Toa wote!" Hirsi akanguruma. "Acha ndani tupu!"

Tupu! Mahadi akafumua, akautazama ule ukingo unaochanika nyuzi, roho ikamuuma. Akajaribu kuikunja kanzu hivyo hivyo, mikono ikagoma. Mabaki yote kapuni yalikuwa ya wake za watu, na balaa aliyonayo ilimtosha. Basi akavua shati lake la kijani lenye madoadoa, akalikata sehemu ya nyuma, akauvisha upindo. Hapa, akajisifu, hamna mwanamke. Kisha akalivaa lililobaki, kwani hakuwa na jingine, akaketi mgongo ukutani.

Ijumaa asubuhi wake wawili walikuja pamoja, jambo ambalo Garsen haikuwahi kuliona. Kinsi alishika kanzu, Muslima alishika fimbo. Hirsi alifuata nyuma akiapa kila kiapo anachokijua.

"Fundi," Kinsi akasema, "huyu wa kijani nani?"

"Mke wa tatu!" Muslima akadakia. "Tumekagua kila mwanamke mpaka kivukoni. Hii nguo hakuna. Amemtoa Hola?"

"Wallahi, mama zangu, si mwanamke."

"Simama, sema vizuri," Kinsi akaamuru.

Mahadi akasimama. Akageuka taratibu. Mgongo ukaonekana, kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Muslima akaangusha fimbo. Kinsi alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. "Kumbe mke mwenzetu ana ndevu!"

Tangu ndoa ya pili, wanawake wale hawakuwahi kucheka pamoja. Hirsi aliwatazama, akashusha pumzi ya mtu aliyeokoka. "Basi fundi, kaa. Baraza yako."

"Ngoja kwanza," Kinsi akamwambia mumewe, akijifuta machozi. "Kesho kutwa Idd. Mimi umenivisha. Muslima umemvisha. Huyu mwenzetu yuko mgongo wazi, na wake wote ni sawa."

Hirsi akasubiri wacheke tena. Hakuna aliyecheka. Akaingia dukani, akashusha jora la poplini, akatwaa mkasi.