Lambogini ya Bwera

Evas hakuwa na ugomvi na magari. Ugomvi wake ulikuwa na hili moja tu, lililozaliwa uani kwake Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, pale kuku wake walipokuwa wakilala. Lilikula mabomba ya chuma, likala mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, likamla na mumewe mchana kutwa. Kambale alikuwa fundi wa kuchomelea bodi za malori, mtu wa mikono mizuri na kichwa kigumu. Aliona picha ya Lambogini kwenye kalenda ya mwaka 2013, akasema, "Hii nitaifanya mimi mwenyewe, kuanzia chini." Majirani walicheka hadi wakashika mbavu.

Evas naye angecheka, ila mambo yalikuwa mazito. Kazi ya bodi ilikuwa imekauka, na ndugu zake Kambale walikuwa wakimwita Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo, akafanye kazi kwenye malori ya mbao, katika barabara ambazo watu walitekwa na wengine hawakurudi. Tumaini lilikuwa moja. Haji Abdunoor, mwenye malori kule Nyamwamba mjini Kasese, alitafuta fundi mkuu wa gereji yake. Alisikia habari za gari lile akatuma neno: lifike uwanjani kwake kwa magurudumu yake, si mgongoni mwa lori, na kazi ni ya Kambale. Lisipofika, basi ni Butembo. Kwa hiyo Evas alilichukia gari lile, na kila Jumapili aliliombea kanisani, mwanawe Sunday mgongoni.

Likakamilika. Kusema kweli lilikuwa zuri: la manjano, limejibana chini, milango yake ikifunguka kwenda juu. Injini na usukani vilitoka kwenye Toyota iliyopinduka upande wa Kongo, vikavushwa mpaka pale Mpondwe na wapagazi. Siku ya safari Bwera nzima ilitoka barabarani kushangilia. Evas alibaki nyumbani akichambua maharage.

Kambale alirudi kabla ya saa sita. Aliketi kwenye tairi kuukuu, akashika tama.

"Afande wa trafiki amenirudisha njiani, pale Kikorongo," akasema. "Anasema usukani iko kushoto. Uganda haikubali."

Evas alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lilikuwa kosa la watu wa mpakani kabisa. Kampala mtoto wa shule angeliona siku ya kwanza. Lakini Bwera magari ya kushoto na ya kulia hupishana kutwa, na dereva akivuka daraja la mpakani huhama upande wa barabara bila hata kufikiri. Picha ya kalenda ilikuwa na usukani kushoto, vyuma vya Kongo vilikuwa vya kushoto, na mji mzima ulipita uani ukisifia rangi.

"Si uihamishe kulia?"

"Kulia iko tangi ya mafuta na bomba za maji. Nikihamisha, nitakata gari yote. Basi, Mama Sunday. Nitaenda Butembo."

Hapo Evas akapandwa na hasira. Kuku wake walale juu ya miti miaka yote hiyo, halafu mtu ashindwe na usukani? Akaingia ndani ya gari kwa mara ya kwanza. Akaketi kushoto, akajaribu kulia, akaishia katikati, magoti yakigusa kidevu. Kila alipopeleka maharage yake sokoni Kasese alipanda lori la Fuso, na kwenye Fuso mbele wanakaa watatu.

"Kuja uone. Hapa katikati mutu anakaa."

"Katikati? Nani ameona usukani katikati?"

"Na nani ameona Lambogini Bwera?"

Kambale akaanza kumcheka, kisha akachungulia ndani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akapiga magoti, akapima kwa kamba, akaanza kunung'unika peke yake habari za viungo vya propela shafti, vyuma vinavyozunguka hata vikikunjwa, na jinsi ya kuupinda mhimili wa usukani. Evas aliujua mnung'uniko ule, na roho ikamtulia kidogo. Wiki zilizofuata Kambale alikata, akachomelea, akahamisha pedeli. Evas alishona viti viwili vyembamba, kimoja kila upande.

Safari ya pili walikwenda wote wawili, mtoto wakamwacha kwa jirani. Kikorongo, afande yule yule akainua mkono. Akachungulia kushoto, akamkuta mwanamke. Akazunguka kulia, akakuta kikapu cha ndizi.

"Wewe! Usukani iko wapi?"

"Iko hapa, afande. Katikati."

Afande aliingiza mkono, akautikisa usukani. Akaamuru breki zijaribiwe, mara moja, mara mbili. "Kushoto nakataza," alisema mwishowe. "Ya katikati sijaambiwa. Enda polepole, wataipima Kasese. Haya, toka!"

Uwanjani kwa Haji madereva walilizunguka gari wakipiga picha. Haji Abdunoor hakupiga picha. Alilala chali vumbini na kanzu yake nyeupe, akaingiza kichwa chini ya gari, akavuta kila kiungo cha usukani na kugonga kila mahali palipochomelewa. Alipoinuka mgongo wote ulikuwa mwekundu kwa udongo.

"Nani alikuambia uweke katikati?"

Evas akatazama chini. Alimjua mumewe: sifa alizipenda kuliko nyama.

"Bibi yangu huyu, Haji," Kambale akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaacha. Nilikuwa nafunga nguo ya kwenda Kongo."

Haji alimtazama Evas, akalitazama tena gari. "Jumatatu anza kazi. Nyumba iko nyuma ya gereji. Mukuje na mutoto."

Kambale aliushika mkono wa Haji kwa mikono miwili, akawa anautikisa tu. Evas akajibu kwa niaba yake, "Tunakuja, Haji," na machozi yakamtoka mbele ya madereva wote, wala hakujisumbua kuyafuta.