Uhuni wa Duka la Vitambaa

Taarifa ya habari ya saa sita ilipokwisha, mtangazaji alitoka studio ameridhika. Alikuwa amesoma, kwa ile sauti yake ya kifuani, kwamba genge la wahuni limevamia duka la vitambaa lililotangaza nusu bei, likapindua meza. Hapo simu ikaita. Alikuwa mama wa mchumba wake, aliyetarajiwa kumpokea rasmi Jumapili kama mkwe.

"Mwanangu, nimekusikia. Hao wahuni, mbele yao nilikuwa mimi."

Kumbe mama alikwenda kutafuta kitambaa cha harusi, na hakukipata. Mtangazaji akajiumauma, akasema saa kumi atarekebisha. Aseme umati, labda. Mama akakataa: umati ni watu wasiojuana, na pale walikuwa majirani watupu, wakikanyagana huku wanasalimiana. Halaiki je? Halaiki ni ya uwanjani, watu wamepangwa wakapangika, na pale hata mwenye duka hakupangika. Kundi hakulijadili, aliuliza tu kama amewahi kumwona akichungwa.

"Basi niseme nini, mama?"

"Sema ulichokiona."

"Sikuwepo."

"Ahaa. Na uhuni wetu uliuonea wapi?"

Jumapili ilikuwa imeanza kuota mbawa. Akavaa koti, akaenda dukani kujionea mwenyewe.

Alisimama kando, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mlango ulipofunguliwa tena, mama mmoja wa miraba minne alimsogeza kwa kiwiko. Wa pili alimkanyaga, akamwomba radhi. Wa tatu hakuomba. Alipokuja kujitambua, kiatu kimoja hakipo, ameng'ang'ania jora la hariri linalovutwa na mtu mwingine upande wa pili, na anafoka kwa sauti ileile ya kifuani kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Akavuta kwa nguvu zake zote. Mwenzake akaachia. Mtangazaji akaenda kinyumenyume hadi kwenye kioo cha mlango, kikamwagika chini chote.

Mwenye duka akamuuzia jora pamoja na kioo.

Saa kumi alisoma taarifa akiwa na kiatu kimoja. Alisema waliofika dukani asubuhi walikuwa wanunuzi, wengi wao majirani, na kwamba mchana kioo cha mlango kilivunjwa na mhuni mmoja, ambaye ndiye anayesoma taarifa hii.

Simu ikaita. Mama alikuwa na swali moja tu.

"Jora ulilipata?"

"Nililipata, mama."

"Basi Jumapili uje nalo."